Mengineyo

Miaka kumi na mmoja nimeshika kalamu ya mtaa,
Makorora, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi,
ndani ya darasa la tatu, madawati yamekwanguliwa majina ya watoto.
Wanaume mbele, magoti yakigota kwenye mbao.
Sisi nyuma, karibu na ndoo na birika.
"Andika, Mwantumu. Wewe una mwandiko."

Nikaandika.
Kufungua mkutano: saa nne kasoro, badala ya saa tatu.
Wajumbe walikubaliana.
Walikubaliana! Neno pana kama doti ya kanga,
linamfunika kila aliyenyamazishwa.

Kalavati la nyuma ya shule, mnalolijua,
lilianzia jikoni kwangu.
Nilimnong'oneza Mzee Shekuwe nikimmiminia chai ya mdalasini:
maji ya masika yanaingia kwa Bi Mwanaharusi hadi uvunguni.
Akaipuliza chai. Akanywa. Akasimama.
Na mkono wangu mwenyewe, huu wenye kovu la mafuta ya maandazi,
ukaandika: Mwenyekiti alipendekeza.

Mambo yetu yalikuwa na chumba chake, mwisho wa ukurasa.
Mengineyo.
Humo tulimtia binti aliyeachishwa shule,
na giza la njia ya kisimani,
na zahanati isiyo na pazia penye kitanda cha kujifungulia,
na fedha za mikopo zilizofika halmashauri zikakata kona.
Mengineyo: jua limeshapanda, adhana inakaribia,
watu wanatafuta viatu.
"Hilo tutalitazama."
Kufunga mkutano.

Ila nilikuwa na daftari la pili.
Dogo, jalada la twiga, la shilingi mia tano,
nalificha ndani ya pipa la unga.
Humo niliandika kwa wino uleule:
Bi Mwanaharusi alisimama. Aliambiwa akae.
Mama Kidawa aliulizia stakabadhi. Walicheka, wa kwanza mtunza hazina.
Mwajabu alinyoosha mkono tangu ajenda ya pili
mpaka mkono ukashuka wenyewe.
Tarehe. Saa. Nani alikuwepo.

Sikupanga. Naapa.
Ilikuwa wiki ya kuchukua fomu,
tumefika kusoma muhtasari uliopita,
nikatia mkono mkobani, kidole kikamgusa twiga.
Nikasoma.
Sauti ilianza nyembamba, sindano juu ya kitambaa kigumu,
kisha ikapata njia.
Mzee Shekuwe akasema, "Hayo hayakuandikwa."
"Yameandikwa," nikasema, "ndiyo haya nayasoma."
Nyuma birika likaanguka. Hakuna aliyeliokota.
Mwajabu akanyoosha mkono.
Safari hii hakuushusha.

Kurudi, mume wangu alisukuma baiskeli kimya
mpaka relini.
"Hiyo fomu inataka picha ngapi?"
"Sijui. Mbili."
"Piga nne," akasema. "Wale wanapoteza."

Walionena walinena. Mwanamke na muhuri!
Usiku polisi wakitaka mdhamini, ataamka nani?
Ataamka aliyekuwa akiamka siku zote:
kwa homa ya mtoto, kwa uchungu wa jirani,
kwa maiti ya usiku wa manane isiyo na sanda.

Nilipita kwa kura kumi na tisa. Sijidanganyi.
Mzee Shekuwe bado ananisalimu kwa kidevu,
na kalavati limeziba tena, maganda ya machungwa.
Lakini Jumamosi iliyopita nilifungua mkutano saa tatu kamili,
waliochelewa wakasimama mlangoni.
Kalamu nilimpa Shemdoe, kijana wa fundi redio.
Birika lilikuwa mbele, kila mtu ajimiminie.
Akauliza, "Ajenda ya kwanza, niandike nini?"
"Andika," nikamwambia,
"Mengineyo."